Simu ya Saa Nne, Mtumba

Ramani ya ofisini kwetu ni nakala ya nakala.
Upande wa kushoto Atlantiki imefifia kuwa majivu,
na visiwa vyake huwezi kuvitenga na mavi ya inzi.
Wiki ya kwanza kazini nilivipitishia kitambaa cha maji.
Ya inzi yakatoka. Visiwa vikabaki:
Kanari, Kabo Verde, Santa Helena,
makombo waliyodondosha wakubwa wakigawana mkate.

Usiulize kisiwa kina watu wangapi.
Uliza kiko karibu na nani.
Kimoja hukodishwa kwa ndege za kivita,
kingine huuza samaki wake kwa mkataba wa kurasa arobaini,
na hiki kidogo, Hierro, cha mwisho magharibi,
kimefanywa kizingiti:
Ulaya imetoka nyumbani kwake
ikaja kutundika mlango huku majini,
usawa wa jangwa letu.

Barua ilikuja na mihuri mitatu.
Mwanamume, miaka kama ishirini na sita,
ametolewa mtumbwini siku ya tisa.
Wenzake kumi na mmoja hawakufika.
Hana karatasi. Anasema yeye Mkongo.
Mkalimani anakishuku Kiswahili chake.
Serikali yenu imsikilize, ijaze fomu:
NI WENU. SI WENU.
Na chini, kwa herufi za kukodolea macho,
ule mradi wa mafunzo, kompyuta sitini, magari manne,
utakaoendelea kutazamwa kwa moyo wa ushirikiano.

Saa nne asubuhi, vumbi likigonga dirisha,
wakaniunganisha.
Nikauliza jina. Akataja jina la kuazima,
nikalisikia likimpwaya kama koti la marehemu.
Nikauliza soko la kwao. Akasema Bukavu,
akayapanga maduka kama mtoto anayekariri jedwali.
Nyuma yake upepo ulikuwa unapiga.
Nyuma yangu pia.

Sijui kilichonituma.
Kabla ya kukata nikasema, polepole,
"Mbukwenyi."

Kimya. Kimya cha mtu aliyejiziba mdomo
kwa mikono yote miwili.
Kisha, chini sana,
kama kijana anayepita mbele ya wakweze,
"Mbukwa."

Mkalimani akadakia: amesema nini?

Mkana kwao mtumwa, walisema waliotutangulia.
Hawakuwa na fomu.
Hawakuiona siku ambayo kutambuliwa na kwenu ndiyo pingu,
na anayekuita ndugu
ndiye anayekukatia tiketi ya kurudishwa.
Mji huu tuliupa jina la tembo
aliyedidimia topeni, mbali na bahari yoyote.
Kuzama tunakujua.
Tusichokijua ni pale aliyezama anapoibuka,
akakuomba usimwite.

"Amekohoa," nikasema.

Nikaandika: upepo mwingi, lafudhi haikutambulika.
Mkuu wangu akasoma, akanitazama, akasoma tena,
akagonga muhuri taratibu
kama anayefunga mlango usiku asiamshe watoto.

Faili likaenda. Lile "Mbukwa" halikwenda nalo.
Jumamosi nikapanda gari hadi Bahi kununua mchele.
Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya nyungo zao,
na kila aliyeitikia salamu yangu
aliitikia kwa mkato uleule,
neno likianguka mwishoni kama ndoo kisimani.
Labda ni huyu mwenye kanga ya kijani.
Labda ni yule anayemfukuza kuku.
Labda hata si Bahi, ni Kigwe, ni Kintinku,
na kuna mama huko ameshagawa nguo za mwanawe.

Nilikuwa na neno lake mdomoni, zima, lenye chumvi.
"Kilo shilingi ngapi, mama?"
Akanitajia.
Nikaomba apunguze.